Maswali ya Wasomaji: Manowari ya Kubeba Ndege Hujengwaje, na Ina Kazi Gani?

Toleo lililopita la safu hii liligusa kwa ufupi manowari za kubeba ndege, na barua zilizofuata, nyingi kutoka Tanga na chache kutoka Bagamoyo, zimetulazimu kuliweka kando somo tulilokuwa tumeliandaa na kurudi baharini. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha, na yale yaliyohitaji maelezo marefu tumeyapa nafasi yake.

Assalaam aleikum, bwana mhariri. Mimi ni fundi wa vyombo hapa Sahare, Tanga. Kwetu chombo huanza kwa mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, kisha mataruma, ndipo mbao zifuate, na mwisho kalafati. Nimesikia ziko manowari zenye urefu wa zaidi ya mita mia tatu, zenye kiwanja cha ndege juu yake. Je, nazo huanza kwa mkuku? Hushuliwa vipi? Na ule mnara uliowekwa upande mmoja, mbona hauilazi meli?

Waaleikum salaam, fundi. Mkuku upo, lakini siku hizi sherehe ya kuulaza hufanyika wakati kazi imekwisha kufika mbali. Manowari ya Marekani USS Gerald R. Ford ilianza kukatiwa chuma Agosti 2005 katika karakana za Newport News, jimbo la Virginia, na mkuku wake ukalazwa rasmi Novemba 2009. Katika miaka hiyo minne mafundi walikuwa wakitengeneza vipande vizima vya meli, kila kimoja kikiwa na vyumba, mabomba, nyaya za umeme na ngazi zake ndani, vikisubiri kuinuliwa na kreni yenye uwezo wa takriban tani elfu moja, kushushwa gudini, yaani ndani ya bwawa la kujengea meli, kimoja baada ya kingine, na kuunganishwa kwa kuchomelewa. Sababu yake wewe utaielewa upesi kuliko wasomaji wengi: ni rahisi kufunga bomba kwenye kipande kilichoko karakanini, ambacho kinaweza hata kupinduliwa ili mchomeleaji afanye kazi akiwa ameinama badala ya kunyoosha mikono juu ya kichwa, kuliko kulifunga ndani ya tumbo la meli lenye giza ambamo mafundi mia wanagombea njia moja.

Waingereza walikwenda mbali zaidi. Manowari yao HMS Queen Elizabeth, yenye urefu wa mita 280 na uzito wa takriban tani 65,000, ilijengwa vipande vipande katika karakana sita za miji mbalimbali. Vipande vikapakiwa kwenye matishali na kuvutwa kwa njia ya bahari hadi Rosyth, Uskochi, ambako viliunganishwa. Si kazi ndogo, kwa maana ukuta wa kipande kilichotoka mji mmoja lazima ukutane na ukuta wa kipande kilichotoka mji mwingine bila kupishana. Ilipofika Juni 2017 na meli ikawa tayari kutoka, palikuwa na shida ambayo mtu wa mwambao ataifahamu mara moja: kutoka bandarini kulihitaji maji kujaa, kwa sababu nafasi iliyobaki chini ya meli ilikuwa kama nusu mita tu, ilhali kupita chini ya madaraja ya mto Forth kulihitaji maji kupwa, na mlingoti wake ulikunjwa ndipo ikapita kwa nafasi ya mita mbili hivi. Kwa hiyo ilitoka gudini maji yakiwa juu, ikatia nanga, ikangoja maji yatoke.

Kuhusu kushuliwa, meli hizi hazisukumwi juu ya magogo wala haziachiwi ziteleze pwani. Hujengwa ndani ya gudi kavu, na siku ikifika milango ya maji hufunguliwa taratibu hadi meli ielee yenyewe pale pale ilipojengwa. Hata hivyo meli inayoelea bado haijawa tayari. Gerald R. Ford ilielea mwaka 2013, ikaingia rasmi jeshini Julai 2017, na safari yake kamili ya kwanza ya kazi ilianza Mei 2023. Sehemu kubwa ya ucheleweshaji ilitokana na mitambo mipya, hasa lifti kumi na moja za kupandisha mabomu, ambazo ya mwisho ilikamilika Desemba 2021. Gharama yake ilifika takriban dola bilioni 13, bila kuhesabu ndege hata moja.

Chuma chenyewe si cha kununuliwa dukani. India ilipoanza kujenga manowari yake Vikrant katika karakana ya Kochi, ilitegemea chuma kutoka Urusi. Chuma kilipokosekana, wanasayansi wa jeshi na kiwanda cha chuma cha serikali walilazimika kutengeneza aina yao wenyewe. Mkuku wake ulilazwa mwaka 2009, na meli ikaingia kazini Septemba 2022. Ni miaka 13, na kwa nchi iliyokuwa ikijenga manowari ya aina hiyo kwa mara ya kwanza mimi sioni kuwa ni mingi.

Sasa mnara. Ndani ya meli ya tani laki moja, mnara ni mzigo mdogo. Vitu vizito kweli kweli, yaani vinu vya nyuklia, mitambo ya kuendesha panga, matangi ya mafuta ya ndege na ghala za mabomu, vimewekwa chini karibu na ngama, yaani sakafu ya chini kabisa ya meli. Isitoshe, sitaha ya juu hutokeza sana upande wa kushoto, na hilo husawazisha pande mbili, huku maji yakihamishwa kati ya matangi ya pembeni kila mzigo unapobadilika. Mnara ukawa kulia kwa sababu marubani wa mwanzo, ambao ndege zao zilikuwa na injini zilizozunguka pamoja na panga, walipokosa kutua walipendelea kukata kushoto, hivyo ilifaa kushoto kubaki wazi. Wajapani walijaribu kuuweka kushoto katika meli mbili, Akagi na Hiryu, nao hawakuendelea na jambo hilo.

Jambo moja zaidi litakupendeza. Manowari za nyuklia za Marekani hujengwa kwa hesabu ya kudumu miaka 50, na fueli ya vinu huwekwa mara mbili tu: wakati wa kujengwa na zikifika nusu ya umri. Ile ya pili ni kama kuijenga meli upya, maana sitaha hutobolewa, vinu hufunguliwa, na karibu kila mtambo hushughulikiwa. Hupangiwa kama miaka minne. USS George Washington iliingia Agosti 2017 ikatoka Mei 2023.

Shikamoo mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Bagamoyo. Mwalimu wetu wa fizikia alituambia kuwa njia ya kurukia ndege ya Dar es Salaam ina urefu wa karibu kilomita tatu. Ndege ya kivita inawezaje kuruka na kutua juu ya meli ambayo haifiki hata mita 350?

Marahaba, mwanangu. Mmarekani Eugene Ely aliruka kutoka jukwaa la mbao lililojengwa juu ya manowari Birmingham tarehe 14 Novemba 1910, magurudumu ya ndege yakagusa maji kabla haijapanda. Tarehe 18 Januari 1911 akatua juu ya manowari Pennsylvania iliyokuwa imetia nanga San Francisco, akinaswa na kamba zilizokingamishwa sitahani na kufungwa mifuko ya mchanga kila mwisho. Kutua juu ya meli inayokwenda kulichelewa hadi Agosti 1917, Mwingereza Edwin Dunning alipofaulu juu ya meli Furious. Siku tano baadaye alijaribu tena, ndege ikaangukia baharini, naye akafa. Mwaka uliofuata Uingereza ikatoa meli Argus, ya kwanza kuwa na sitaha tambarare kutoka omo hadi tezi, yaani kutoka mbele hadi nyuma.

Msaada wa kwanza ni upepo. Bawa la ndege halijali kasi ya magurudumu juu ya sitaha; linajali kasi ya hewa inayopita juu yake. Kwa hiyo nahodha huelekeza omo kule upepo unakotoka, kisha hukaza mwendo, pengine kilomita 50 kwa saa au zaidi. Kusi ikivuma kwa kilomita 30 kwa saa, na meli ikaikabili kwa kilomita 50, ndege iliyosimama tuli sitahani imekwisha kupata kilomita 80 kwa saa za hewa kabla ya kusogea. Nahodha wa jahazi linalotoka Bagamoyo kwenda Unguja hufurahi upepo ukimjia kwa nyuma au ubavuni. Huyu anautaka usoni, na pasipo na upepo huutengeneza kwa injini zake.

Kilomita 80 hazitoshi, na hapo ndipo manati inapoingia. Chini ya sitaha mna mitungi mirefu ya mvuke yenye pistoni ndani yake, na kipande cha chuma kinachochomoza juu kupitia ufa mwembamba hushikwa na gurudumu la mbele la ndege. Rubani hufungulia injini hadi mwisho, mvuke huachiliwa, na katika umbali usiofika mita mia moja, kwa muda wa sekunde mbili na kidogo, ndege hufikishwa kwenye kasi ya kilomita 260 kwa saa hivi. Manati ya mvuke ni ubunifu wa Mwingereza Colin Mitchell, iliyojaribiwa baharini mwaka 1950. Manati mpya za Gerald R. Ford hutumia nguvu ya sumakuumeme badala ya mvuke, na Wachina wameifuata njia hiyo hiyo katika manowari yao Fujian, iliyoshuliwa Shanghai Juni 2022. Nchi nyingine zimechagua njia ya bei nafuu zaidi: omo ya sitaha hukunjwa kwenda juu kama mteremko uliogeuzwa, na ndege huutumia kujirusha angani kwa injini zake tu. Hivyo ndivyo zilivyo Vikrant ya India na meli mbili za kwanza za China. Kasoro yake ni kwamba ndege haiwezi kuondoka na mzigo mkubwa wa mafuta na silaha kama ile iliyorushwa kwa manati.

Kutua ndiko kugumu. Ndege hushusha kulabu kutoka mkiani, na sitahani kuna nyaya za chuma zilizokingamishwa, nne katika meli nyingi za Marekani na tatu katika zile mpya. Rubani anakuja kwa kasi ya kilomita 240 kwa saa hivi, anaigonga sitaha badala ya kuigusa polepole kama rubani wa ndege ya abiria, kulabu inanasa waya, na mitambo iliyoko chini inauachia waya huo kwa ukinzani mkubwa hadi ndege isimame ndani ya mita mia moja hivi, chini ya sekunde tatu. Watu wengi hushangaa wakiambiwa kwamba magurudumu yanapogusa sitaha rubani hapunguzi nguvu ya injini, bali huiongeza hadi mwisho. Sababu ni kwamba kulabu ikikosa nyaya zote, hana nafasi ya kufikiri. Lazima awe tayari anaruka tena.

Zamani kosa kama hilo lilimaliza safari ndani ya ndege nyingine zilizoegeshwa mbele, au kwenye wavu. Dawa ilipatikana mwaka 1951, wakati Dennis Cambell wa jeshi la majini la Uingereza alipopendekeza njia ya kutulia ipindishwe kwenda kushoto, ili anayekosa waya aione bahari mbele yake. Ni nyuzi tisa hivi tu katika meli za leo, lakini bila nyuzi hizo ndege za jeti zisingekaa salama juu ya meli. Mwingereza mwingine, Nick Goodhart, aliona kuwa macho ya rubani yanahitaji alama ya mwanga ya kumwambia kama yuko juu mno au chini mno, na wazo lake alilionesha mezani kwa kioo kidogo cha mkobani na kijiti cha rangi ya mdomo.

Juu ya sitaha hiyo hakuna sauti ya mtu inayosikika kwa kelele za injini, hivyo kila kazi ina rangi ya fulana. Wenye njano huongoza ndege, zambarau hutia mafuta, nyekundu hushika silaha na kuzima moto, kijani hushughulikia manati na nyaya, kahawia ni watunzaji wa kila ndege, buluu huburuta ndege na kuweka vigingi vya magurudumu, na nyeupe ni usalama na tiba. Nidhamu hii ina historia chungu. Tarehe 29 Julai 1967, roketi ilifyatuka kwa bahati mbaya juu ya meli USS Forrestal huko pwani ya Vietnam, ikagonga ndege iliyojaa mafuta, na moto na mabomu yaliyolipuka vikaua watu 134.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, Ngamiani, Tanga. Vijana huziona manowari hizi kuwa mambo ya mbali. Je, hazikuwahi kufika mwambao wetu?

Zilifika, mwalimu, na mara moja zilibadili historia ya nchi hii kwa muda wa asubuhi moja. Lakini tuanze kabla ya hapo.

Mwaka 1914 manowari hizi hazikuwako bado. Meli ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Uingereza Pegasus katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba mwaka huo, kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji, ambako Waingereza hawakuweza kuiona kutoka baharini kwa ajili ya mikoko. Walimkodi rubani wa kiraia, Dennis Cutler, mwenye ndege ya kuelea juu ya maji, wakamleta kutoka Afrika Kusini juu ya meli Kinfauns Castle, naye ndiye aliyeiona Königsberg Novemba 1914. Mwezi uliofuata injini ikamwangusha, akatekwa. Ndege nyingine zilizoletwa ziliharibiwa na joto letu, gundi ya mbao zake ikiachia. Mwishowe walitengeneza kiwanja katika kisiwa cha Mafia, walichokuwa wamekwisha kukitwaa, na Julai 1915 ndege zilizoruka kutoka Mafia ndizo zilizoelekeza mizinga ya meli mbili ndogo, Severn na Mersey, hadi Königsberg ikaharibiwa tarehe 11. Fikra nzima ya manowari ya kubeba ndege ilikuwa imo humo: macho ya angani kwa ajili ya meli, na shida ya mahali pa kurukia.

Aprili 1942, Wajapani walikuja Bahari ya Hindi na manowari zao za ndege, wakashambulia Colombo na Trincomalee huko Ceylon (leo Sri Lanka), na tarehe 9 wakaizamisha Hermes ya Uingereza. Baada ya hapo sehemu kubwa ya kundi la manowari za Uingereza ilirudishwa nyuma hadi Kilindini, Mombasa, zikiwamo zile za kubeba ndege. Wazee wa Tanga waliokuwa wakivua upande wa kaskazini miaka hiyo walikuwa jirani wa jeshi kubwa kuliko walivyoambiwa. Mei ya mwaka huo huo, ndege kutoka Illustrious na Indomitable zilishambulia Diego Suarez, kaskazini mwa Madagaska, ili Wajapani wasije wakaipata bandari hiyo.

Lililo letu zaidi ni la Januari 1964. Tarehe 20, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, ambayo leo ni Lugalo, wakidai mishahara zaidi na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Mwalimu Nyerere, kwa uchungu ambao hakuuficha, aliomba msaada wa Uingereza. Manowari ya kubeba ndege HMS Centaur ilikuwa imepakia makomandoo huko Aden, na alfajiri ya tarehe 25 ilikuwa mbele ya Dar es Salaam. Manowari iliyoandamana nayo, Cambrian, ilifyatua mizinga kupasua anga na kuwachanganya waasi, huku helikopta zikiwashusha makomandoo kwenye uwanja karibu na kambi. Uasi wa Colito ulizimwa siku hiyo hiyo. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Nimeona vitabu vya shule vikilitaja tukio hili bila kueleza kwamba askari wale walitoka juu ya sitaha ya meli, ilhali ndilo lililowezesha msaada ufike bila kiwanja chochote cha ndege kuombwa wala kulindwa.

Miaka miwili baadaye, Machi 1966, Ark Royal na kisha Eagle zilikuwa chini zaidi, katika mlango wa Msumbiji, ndege zao zikitafuta meli za mafuta zilizotaka kwenda Beira kuupelekea mafuta utawala wa Ian Smith wa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe.

Kwa zama hizi za droni na makombora, manowari hizi si mzoga unaoelea? (Msomaji wa Pangani)

Neno lako ni kali, lakini swali ni la haki. Kazi ya manowari hizi ilijulikana wazi kwenye Vita Kuu ya Pili. Novemba 1940 ndege chache za Uingereza za mabawa mawili, zilizoruka kutoka Illustrious usiku, zilizipiga manowari kubwa za mizinga za Italia zilizolala bandarini Taranto. Desemba 1941 Japani ikafanya hivyo kwa ukubwa zaidi huko Pearl Harbor kwa manowari sita za ndege. Juni 1942, karibu na Midway, Japani ikapoteza manowari zake nne za ndege, na tangu hapo hapana aliyebishana tena kuhusu mizinga mikubwa. Sababu ni umbali: mzinga ulifika kilomita thelathini au arubaini, ndege mamia.

Leo faida yake kubwa ni ya kisiasa. Kiwanja kilichoko katika nchi ya watu kina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kukataa. Sitaha iliyoko bahari kuu haihitaji ruhusa ya mtu. Inaweza pia kufanya kheri: baada ya tsunami ya Desemba 2004, helikopta za USS Abraham Lincoln zilipeleka maji na chakula Aceh, Indonesia, ambako barabara zilikuwa zimesombwa.

Ama hatari, ipo. Meli hizi hazitembei peke yake. Huzungukwa na manowari zenye makombora ya kulinda anga, nyambizi, na meli za kuleta mafuta ya ndege na chakula, maana hata vinu vya nyuklia havimpikii baharia wala havijazi tangi la ndege. Hakuna manowari ya kubeba ndege iliyozamishwa vitani tangu 1945, lakini hiyo pia ni kwa sababu tangu wakati huo hazijakutana na adui anayelingana nazo baharini. Katika Bahari ya Shamu, kuanzia mwisho wa 2023, manowari za Marekani zilitungua droni na makombora ya Wahouthi wa Yemeni kwa miezi mingi bila ile ya ndege kuguswa. Hata hivyo USS Harry S. Truman ilipoteza ndege tatu katika safari moja ya huko: moja ilitunguliwa Desemba 2024 na manowari ya upande wake yenyewe, nyingine ilitumbukia baharini Aprili 2025 ikiwa inaburutwa bandani, na ya tatu mwezi uliofuata ilishindwa kunaswa na waya. Kwa maoni yangu, kazi hii inaweza kumchosha mtu hadi akakosea mwenyewe kabla ya adui kumfikia, na wanaohesabu makombora tu hulisahau hilo.

Je, nchi yoyote ya Afrika inayo? Na Tanzania ingefaa kuwa nayo? (Msomaji wa Dunda, Bagamoyo)

Hakuna. Iliyo karibu zaidi ni Misri, ambayo tangu 2016 ina meli mbili za helikopta zilizojengwa Ufaransa, awali kwa ajili ya Urusi. Kwetu hapana haja. Thailand iliagiza manowari ndogo ya ndege kutoka Hispania, ikaipokea 1997, na ilipofika 2006 ndege zake za jeti zilikuwa zimekwisha kuondolewa kazini. Imebaki na helikopta. Mwambao wetu unasumbuliwa na wavuvi haramu na magendo, na hao hukamatwa kwa boti za doria zenye mafuta ya kutosha.

Mwisho: meli kama hiyo inaweza kuingia bandari ya Tanga? (Msomaji wa Raskazone, Tanga)

Kwa kina, inakaribia kuwezekana. Kwa miaka mingi meli zilitia nanga mbali na gati la Tanga na mizigo ikaletwa kwa matishali, lakini bandari imechimbwa hadi mita 13, na gati lake lina urefu wa mita 450. Manowari za Marekani zina urefu wa mita 333 na huzama maji kiasi cha mita 11 hadi 12 na nusu. Tatizo ni kwingineko. Chini, pale maji yanapofika, meli ina upana wa mita 41 hivi, ilhali sitaha yake juu ina mita 77, kwa hiyo ikiegeshwa kama meli ya shehena, sitaha itaning'inia juu ya gati na kugonga kreni zilizosimama pale. Bandari zinazozipokea huweka maboya mapana ya kuisogeza mbali na ukuta. Pasipokuwa nayo, meli hubaki nje kwenye maji makubwa, na mabaharia huletwa mjini kwa maboti.